Talaka na uangalizi wa watoto: njia ya sheria kutoka Baraza la Usuluhishi hadi kwa Msajili

Mwananchi anayefika mahakamani Tanzania Bara kuomba talaka huulizwa jambo moja kabla ya kuulizwa habari za ugomvi, mali au watoto: iko wapi hati ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa? Asiye nayo, na asiyekuwa miongoni mwa wachache waliosamehewa na sheria, hana shauri. Maombi yake yanaweza kukataliwa siku hiyo hiyo, na hilo ndilo afadhali. Ikitokea yakapokelewa kimakosa, yakasikilizwa na kutolewa hukumu, mwenendo wote unaweza kufutwa katika rufaa baada ya muda mrefu kupita, kama Mahakama ya Rufani ilivyokwisha kufanya ilipobaini kwamba wanandoa hawakupitishwa barazani ipasavyo. Amri ya nani akae na watoto na nani awalishe huanguka pamoja na hukumu iliyoibeba, na familia hurudi mwanzo.

Sheria inayotawala jambo hili ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Iliziweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kiserikali na za kimila chini ya utaratibu mmoja wa talaka. Awe mtu alifungishwa ndoa na padri, shehe, msajili wa ndoa au wazee wa ukoo, anapotaka ndoa hiyo ivunjwe kisheria mlango ni mmoja, nao ni mahakama. Kwa upande wa watoto, Sheria ya Ndoa husomwa sambamba na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, Sura ya 13. Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011, na mashauri ya ndoa na talaka ya Waislamu husikilizwa huko na Mahakama za Kadhi. Maelezo yanayofuata yanahusu Tanzania Bara.

Barazani

Sheria inataka kila kata iwe na angalau Baraza moja la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Waziri anaweza pia kuyatambua mabaraza yaliyoundwa na jumuiya, zikiwemo za dini, na ndiyo maana wapo wanaosuluhishwa msikitini au kanisani na wengine katika ofisi ya kata. Mwenye malalamiko hupeleka mgogoro wake, Baraza humwita mwenzake, kisha huwasikiliza wote wawili. Mawakili hawana nafasi hapo. Mhusika akihitaji kuwakilishwa, mwakilishi wake huwa mtu wa familia, na mwingine yeyote hukubaliwa tu kwa idhini ya Baraza lenyewe.

Baraza haliachanishi watu. Halina mamlaka ya kutoa talaka, kugawa nyumba wala kuamua mtoto alale kwa nani, ingawa mara kwa mara wananchi huondoka hapo wakiamini kuwa yote hayo yamekwisha. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa, kutoa hati inayoeleza lilichokibaini na kuthibitisha kuwa limeshindwa. Linaweza kuambatisha mapendekezo yake. Karatasi inayosema tu kwamba wahusika "wamekubaliana kuachana", au barua ya kuwatambulisha mahakamani, si hati hiyo. Mwombaji anapaswa kuisoma kabla hajaondoka: je, inataja majina ya wote wawili, inaonyesha kuwa walisikilizwa au kwamba mmoja aliitwa akakataa kwa makusudi, na inasema bayana kuwa usuluhishi umeshindikana? Tarehe yake nayo ina uzito, kwa kuwa sheria inataka hati iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya maombi kufunguliwa. Anayeikunja na kuiweka kabatini akitafakari kwa mwaka mzima atalazimika kurudi barazani.

Wapo wasiolazimika kupita huko. Aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake yuko wapi anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Hali ni hiyo hiyo ikiwa mwenzake anaishi nje ya nchi na haielekei kuwa ataingia nchini ndani ya miezi sita tangu maombi kufunguliwa, jambo linalowagusa wenye wenza waliokwenda kufanya kazi Oman, kwingineko Ghuba au Ulaya. Sheria inamtaja pia aliyeitwa barazani akakaidi, anayetumikia kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, na anayedaiwa kuwa na ugonjwa wa akili usiotibika. Mwisho, mahakama yenyewe inaweza kuridhika kuwa zipo sababu za pekee zinazoufanya usuluhishi usiwezekane. Mke anayepigwa na kutishiwa maisha anaweza kuijenga hoja yake juu ya msingi huo wa mwisho, lakini hana budi kuieleza na kuithibitisha. Taarifa ya Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na fomu ya matibabu ya polisi ni ushahidi unaofaa kutunzwa tangu siku ya kwanza.

Ipo pia kanuni ya miaka miwili. Ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili haiombewi talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama, nayo hutolewa pale mwombaji anapoonyesha kuwa anapata mateso yasiyo ya kawaida. Kutengana kwa amri ya mahakama ni ombi jingine linalotambuliwa na sheria, na baadhi ya wanandoa, hasa ambao dini yao hairuhusu talaka, huona linawafaa zaidi.

Kwa Waislamu, kuandika au kutamka talaka nyumbani hakumalizi safari ya kisheria. Sheria ya Ndoa inasema kuwa ikiwa wote wawili walifunga ndoa ya Kiislamu, Baraza limethibitisha kushindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itatamka kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Mpangilio huo wa matukio ndio unaopuuzwa. Talaka inayotolewa kwanza, kisha watu wakakimbilia barazani kutafuta karatasi ya kuihalalisha, inakwenda kinyume na utaratibu na inaweza kuliangusha shauri zima.

Mahakamani

Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Wananchi wengi huanza Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu na huendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa ujumla. Mwombaji hufika na hati ya Baraza, cheti cha ndoa au uthibitisho mwingine wa ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Jambo linalotakiwa kuthibitishwa ni moja: kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kosa la mmoja, hata likiwa kubwa, ni ushahidi tu wa jambo hilo. Sheria inataja mifano, ikiwemo ugoni, hasa unaorudiwa au kuendelea licha ya kukatazwa. Ukatili wa mwili au wa akili dhidi ya mwenza au watoto. Kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kuishi mbalimbali kwa hiari au kwa amri ya mahakama kwa muda huo huo. Na kifungo kirefu. Hakimu huyapima yote kwa pamoja. Anayekuja mahakamani akitegemea makosa yake mwenyewe pekee, mathalani mume aliyehamia kwa mwanamke mwingine kisha akadai kuwa kuhama kwake kumevunja ndoa, anaweza kukataliwa.

Mtoto akae kwa nani

Katika mashauri haya hakuna eneo lenye imani potofu nyingi kama hili. Iliyoenea kuliko zote husema kuwa mtoto ni wa mama mpaka atimize miaka saba, kisha ni wa baba. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana kwamba ni kwa faida ya mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi: mama anayemtesa mtoto, anayemwacha bila mwangalizi, au aliyemwacha kwa bibi tangu uchanga na hajarudi kumtazama, hawezi kuitegemea kama ngao. Mahakama inatakiwa vilevile kuzingatia madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha. Ama kuhusu siku ya kutimiza miaka saba, sheria haina neno lolote la kumkabidhi mtoto kwa baba. Baba anayefika na gari siku ya kuzaliwa kwa mtoto kumchukua "kwa mujibu wa sheria" anatekeleza kitu ambacho hakimo katika sheria hiyo.

Imani ya pili ni kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba kwa kuwa mahari ililipwa. Sheria ya Ndoa haikuzitupa mila, inaagiza zizingatiwe. Lakini imezipa nafasi ya chini. Kigezo kikuu ni ustawi wa mtoto, na ni baada ya hapo tu ndipo mahakama inapotazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii wanayotoka. Sheria ya Mtoto, katika kifungu cha 39, inaongeza umri na jinsi ya mtoto, faida ya kukaa na wazazi wake isipokuwa pale haki zake zinapokiukwa mfululizo, faida ya ndugu kukaa pamoja, na haja ya malezi yasiyokatikakatika.

Ugumu wa vigezo hivi huonekana vinapowekwa juu ya familia halisi. Tuchukue mfano wa kufikirika wa wazazi wenye watoto watatu, wa miaka 4, 9 na 14. Mama amerudi kwao kijijini, baba amebaki mjini ambako watoto wawili wakubwa wanasoma. Wa miaka 4 analindwa na dhana ya kukaa na mama. Wa miaka 9 yuko katikati ya mwaka wa masomo, na kumhamisha kunamgharimu muhula. Wa miaka 14 ana kauli yake: anataka kubaki na rafiki zake na shule yake, au pengine anataka kumfuata mama kwa sababu ameona mengi nyumbani. Sheria ya Ndoa inasema mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja, bali iutazame ustawi wa kila mmoja peke yake. Sheria ya Mtoto nayo inataka, inapofaa, ndugu wasitenganishwe. Hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kuyapatanisha hayo mawili. Hakimu anaweza kuwaweka wote kwa mama na kupanga tarehe ya kuhama iwe likizo ya mwisho wa mwaka, au kuwaacha wakubwa mjini na kumkabidhi mdogo kwa mama, kisha akaamuru watoto wakutane likizo zote. Kinachomsaidia kuamua ni ushahidi wa mambo madogo ya kila siku: nani huwapeleka kliniki, nani hujibu mwalimu anapopiga simu, nani hulala nao mzazi anapokuwa safarini, shule iko umbali gani kutoka kila nyumba. Mzazi anayetumia nafasi yake yote kueleza ubaya wa mwenzake huondoka bila kuiambia mahakama chochote kuhusu mtoto.

Hapa ndipo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anapoingia. Mahakama inapoona inafaa humtaka achunguze mazingira ya nyumba zote mbili, azungumze na watoto na wanaowalea, kisha awasilishe taarifa. Sheria ya Ndoa yenyewe inaitaka mahakama, kila inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu wa ustawi wa watoto, ingawa hailazimiki kuufuata. Mzazi anayemfukuza afisa huyo mlangoni, au anayewafundisha watoto majibu ya kumpa, hujidhuru mwenyewe. Maofisa hawa wamezisikia hotuba za kukariri na wanazitambua.

Hoja ya kipato nayo inahitaji kuwekwa mahali pake. Mzazi mwenye nyumba nzuri na mshahara hawi mshindi kwa sababu hiyo pekee, kwa maana wajibu wa kumlisha mtoto haumwondoki hata mtoto akikaa kwingine. Umaskini wa anayekaa na mtoto ni jambo linaloweza kupunguzwa kwa amri ya matunzo. Mazingira ya ukatili hayapunguzwi kwa fedha.

Mahakama inaweza kutoa amri ya uangalizi wakati wowote. Mzazi hana haja ya kungoja hukumu ya mwisho ya talaka ndipo aombe mtoto awe mahali salama, na mzazi asiyetaka talaka kabisa anaweza kuomba uangalizi au matunzo peke yake, ikiwemo kupitia Mahakama ya Watoto. Katika hali za pekee mtoto anaweza kuwekwa kwa ndugu mwingine, kama bibi au shangazi, au kwa taasisi.

Neno "kumwona mtoto" katika amri linastahili kuandikwa kwa urefu. Sheria ya Mtoto inampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili isipokuwa pale jambo hilo linapoingilia masomo yake. Ni haki ya mtoto kwanza, ya mzazi baadaye. Amri inayosema tu kuwa baba "ataruhusiwa kumwona mtoto" huzaa ugomvi mwezi wa kwanza. Inayosema siku, saa, mahali pa kupokelea, nani agharimie nauli, nani awe naye Idi au Krismasi, na likizo igawanywe vipi, huwapa wote kitu cha kushika. Mahakama ina uwezo wa kuweka masharti kuhusu makazi, elimu na dini ya mtoto, na inaweza kumkataza mzazi kumtoa nchini. Mwenye hofu ya mtoto kusafirishwa anapaswa kuliomba sharti hilo mapema, kabla ya tiketi kukatwa.

Kumchukua mtoto kwa nguvu au kwa hila kutoka kwa anayekaa naye kihalali kumekatazwa na Sheria ya Mtoto. Hilo linawahusu baba na mama sawasawa, na linawahusu babu, bibi na wajomba wanaotumwa kwenda kumsubiri mtoto kwenye lango la shule.

Matunzo

Sheria ya Ndoa inamtaja baba kuwa wa kwanza kubeba wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo na hali yake. Wajibu huo humwangukia mama pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo, na kwa kiwango ambacho hana uwezo. Sheria ya Mtoto inawatazama wazazi wote wawili: mahakama hupima kipato na mali za kila mmoja, mambo yanayopunguza uwezo wao wa kuzalisha, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Maombi yanaweza kufikishwa na mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayemsimamia. Kwa kawaida matunzo huendelea hadi mtoto anapotimiza miaka 18.

Hakuna kiwango kimoja cha taifa. Anayeomba kiasi fulani anatakiwa kuonyesha kinatoka wapi: karo na michango ya shule, sare, nauli ya daladala, chakula cha mwezi, dawa za mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, kodi ya chumba. Kwa anayelipa, busara ni kutuma fedha kwa njia inayoacha kumbukumbu. Ujumbe wa muamala wa simu au stakabadhi ya benki huzungumza vizuri zaidi mahakamani kuliko shahidi anayesema aliona bahasha ikikabidhiwa. Bima ya afya nayo isisahauliwe; mtoto aliyekuwa mnufaika wa bima ya baba hapotezi haki ya kutibiwa kwa sababu wazazi wameachana, na ni vyema jambo hilo likatajwa ndani ya amri.

Matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili, na hakuna linalolipiwa kwa jingine. Mama hawezi kumficha mtoto kwa kuwa fedha za mwezi hazijafika, wala baba hawezi kusitisha chakula kwa kuwa Jumapili iliyopita alikuta mlango umefungwa. Kila mmoja ana njia ya kurudi mahakamani kuomba amri ikaziwe.

Mali, kwa ufupi

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali walizochuma wanandoa kwa juhudi za pamoja. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ulithibitisha kuwa kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika kuchuma mali hizo. Katika kugawa, mahakama huangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni ya pamoja, mila, na mahitaji ya watoto wadogo. Hilo la mwisho hunyamaziwa mara nyingi. Mzazi anayeomba kubaki na watoto aeleze pia watalala wapi.

Walioishi pamoja bila kufunga ndoa kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa majirani kuwa mke na mume, hawana ndoa ya kuvunjwa iwapo itathibitika kuwa hawakuwahi kuifunga. Hata hivyo kifungu cha 160 kinamruhusu mwanamke wa hali hiyo kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama kutoa nafuu nyingine zikiwemo za uangalizi. Watoto wao wana haki zile zile.

Baada ya hukumu

Amri ya uangalizi au matunzo haijachongwa kwenye jiwe. Mzazi aliyepoteza kazi, aliyehamishwa kikazi, au aliyegundua kuwa mtoto anateswa anakoishi, anaweza kuomba ibadilishwe au ifutwe kwa kuonyesha kuwa hali imebadilika au kwamba mahakama ilipotoshwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 wakati wa hukumu atakuwa na kauli yake akifika 12, nayo inaweza kusikilizwa.

Asiyeridhika na hukumu ana haki ya rufaa, na rufaa inayokwenda Mahakama Kuu katika shauri la ndoa huwasilishwa ndani ya siku 45. Ni salama kumuuliza karani siku ile ile ya hukumu rufaa ya shauri hilo inakwenda mahakama gani na kwa muda gani, na kuomba nakala ya hukumu kwa maandishi bila kungoja.

Msaada wa kisheria usio na malipo hutolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia taasisi na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika halmashauri, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023 imekuwa ikiwafuata wananchi mikoani. Maofisa maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii wa halmashauri wanaweza kumwelekeza mwananchi kwa msaidizi aliye karibu. Mtoto aliye hatarini, au mtu yeyote anayemjua, anaweza kupiga namba 116, ambayo ni simu ya taifa ya huduma kwa mtoto.

Hatua ya mwisho hufanyika nje ya mahakama. Talaka iliyotolewa husajiliwa kwa Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka, katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Asiyeisajili hugundua upungufu huo anapotaka kufunga ndoa nyingine, anapofuatilia mirathi au mafao ya mwenza wa zamani aliyefariki, au anapotakiwa ofisini kuthibitisha hali yake ya ndoa. Nakala ya amri ya talaka iliyothibitishwa na mahakama ndiyo inayohitajika, na nakala ya pili ya amri ya uangalizi ipelekwe kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma mtoto, ili ajue ni nani anayeruhusiwa kumchukua saa za kutoka.